Mdogo wangu anabeti usiku kucha: ni uraibu au ni tabia?

Msomaji wa Morogoro, mama wa miaka 38, ameandika kuhusu mdogo wake wa kiume mwenye miaka 27 anayeishi naye. Kijana huyo anauza katika duka la vifaa vya ujenzi. Alianza kubeti akiwa chuoni, mikeka (tiketi za kubashiri matokeo ya mechi kadhaa kwa pamoja) ya shilingi 500 pamoja na wenzake, na nyumbani hakuna aliyeona shida. Siku hizi anacheza kindege, kamari ya ndege inayopaa kwenye simu, mpaka alfajiri, ana madeni katika programu kadhaa za mikopo, na mwezi uliopita alitumia shilingi 340,000 za kikoba ambazo dada yake alimtuma azipeleke kwa mweka hazina. Ameapa mara mbili kwamba ameacha. Kaka yao mkubwa anasema ni uhuni, afukuzwe. Jirani anasema amechezewa, yaani amerogwa. Mume wa msomaji anataka apelekwe hospitali akapimwe damu. Msomaji anauliza: huu ni ugonjwa kweli? Hupimwaje? Nimlipie deni ambalo anasema ndilo la mwisho? Na binti yangu wa miaka 15 asiyebanduka TikTok, naye ni mraibu?

Dada yangu, nianze na hilo la vipimo, kwa sababu ndilo linalochelewesha familia nyingi. Hakuna kipimo cha damu wala cha mkojo kinachoonyesha kwamba mtu ni mraibu wa kamari, na hata mashine za kupiga picha ubongo, ambazo watafiti wamezitumia sana katika jambo hili, haziwezi kumwambia daktari kwamba huyu aliyelala hapa ni mgonjwa na yule aliyekaa pale si mgonjwa. Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo marefu na ya makini: mtaalamu humsikiliza mgonjwa mwenyewe, akiruhusiwa humsikiliza pia mtu anayeishi naye, kisha hupima aliyoyasikia kwa vigezo vilivyokubaliwa. Ukienda na matumaini ya karatasi ya maabara utarudi umevunjika moyo, na kijana atapata kisingizio cha kusema kwamba hospitali haikumwona na tatizo lolote.

Kuhusu kama ni ugonjwa: ndiyo, unatambuliwa hivyo, na si jana wala juzi. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza kamari ya kupindukia katika mwongozo wake wa utambuzi, lakini kikaiweka katika kundi moja na tatizo la kusukumwa kuiba na la kusukumwa kuchoma vitu moto. Mwaka 2013, katika toleo la tano la mwongozo huo, kamari ilihamishiwa kundi moja na pombe na dawa za kulevya, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umekusanyika kwamba mwenendo wake, dalili zake na hata tiba inayoisaidia vinafanana zaidi na uraibu. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka miongoni mwa matatizo yatokanayo na tabia za uraibu katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa hiyo mdogo wako akifika mbele ya mtaalamu, lipo jina rasmi la tatizo lake na upo utaratibu wa kulichunguza.

Hata hivyo, kubeti peke yake si ugonjwa, na hapa ningependa tuende polepole. Vijiweni wapo vijana wengi wanaoweka shilingi 1,000 kila Jumamosi, mkeka unachanika, wanacheka, wanakwenda zao. Kiasi cha fedha hakitoshi kuamua, maana shilingi 20,000 kwa wiki si kitu kwa mfanyabiashara wa mpunga lakini ni balaa kwa mlinzi wa zamu. Wala muda pekee hautoshi. Shirika la Afya Duniani linataka tuangalie mambo matatu kwa pamoja: mtu ameshindwa kudhibiti lini aanze, acheze kiasi gani na aache saa ngapi, kamari imepanda juu ya mambo mengine ya maisha yake, kuanzia kazi na usingizi hadi watu wake, naye anaendelea, pengine hata kuongeza, ijapokuwa madhara anayaona kwa macho yake. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12, ingawa muda huo unaweza kufupishwa dalili zikiwa kali na zote zimetimia.

Mwongozo wa Marekani una vigezo tisa, na mtu akitimiza vinne au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa na tatizo. Vinne hadi vitano ni hali ya chini, sita hadi saba ni ya wastani, nane hadi tisa ni kali. Sitavipanga vyote hapa, kwa sababu nimeona watu wakivitumia kama mtihani wa kumhukumu ndugu yao sebuleni. Nitazungumzia vile ambavyo barua yako imevigusa. Kuongeza dau ili kupata msisimko uleule ni kimojawapo, na safari ya kutoka mkeka wa shilingi 500 hadi kucheza usiku kucha inakielekea. Kujaribu kuacha na kushindwa mara kwa mara ni kingine. Wewe unavichukulia viapo vyake viwili kama uongo. Mimi naviona pia kama taarifa ya kitabibu, kwa maana kwamba huenda alidhamiria kabisa siku aliyoapa, na swali la kumuuliza ni nini kilichotokea mwilini na kichwani mwake katika siku zilizofuata. Je, alikosa usingizi? Alikuwa mkali bila sababu? Watumiaji wa dawa za kulevya huiita hali hiyo arosto, na kukosa utulivu mtu anapopunguza au kuacha kamari ni kigezo kinachojitegemea.

Kisha kuna kigezo ambacho mimi nakipa uzito mkubwa: kurudi kesho kukomboa hela iliyoliwa leo. Mchezaji wa kawaida aliyepoteza anaona hasara kama bei ya burudani. Aliyenaswa anaiona kama fedha yake iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ambayo lazima irudi, na njia pekee anayoiona ya kuirudisha ni ileile iliyoipoteza. Fedha za kikoba mara nyingi huingia kwa mlango huu. Kijana hakai akapanga kuwaibia akina mama wenzako. Anajiambia kwamba anazikopa kwa saa mbili, atakomboa alichopoteza, na jioni zitakuwa zimefika kwa mweka hazina. Nayasema haya bila kupunguza uzito wa kitendo, maana fedha zile ni za watu na lazima zilipwe. Lakini kaka yenu anapaswa kujua kwamba wizi haumo katika vigezo vya sasa. Toleo lililotangulia la mwongozo huo liliuhesabu, na toleo la 2013 likauondoa. Wizi hauthibitishi kwamba mtu ni mgonjwa, wala hauondoi uwezekano wa yeye kuwa mgonjwa.

Nikueleze ninavyofanya kazi hii ya kuwaona wagonjwa wa kamari. Kwa ridhaa ya mgonjwa huwa naomba taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi kadhaa, tukakaa mezani tukaisoma pamoja. Mfano huu nimeuchanganya kutoka kwa watu mbalimbali ili usimtambulishe yeyote, lakini usiku mmoja wa namna hii huonekana hivi. Saa nne na dakika 12 zinakwenda shilingi 2,000 kwenye kampuni ya kubeti; dakika sita baadaye 2,000 nyingine; halafu 5,000. Saa tano kasoro dakika kumi zinaingia shilingi 18,000: ameshinda. Fedha hizo hazimalizi robo saa kwenye simu, zinarudi zilikotoka kwa mafungu ya 5,000 na 10,000. Saa sita unaingia mkopo wa shilingi 30,000, tayari umekatwa makato yake. Saa saba kasorobo salio ni shilingi 140. Ninapofika kwenye ile 18,000 huwa nasimama na kumuuliza mgonjwa kwa upole kwa nini hakuitoa. Wengi hunyamaza kwanza. Kisha husema kwamba walikuwa bado hawajafika, na nikiuliza walikuwa hawajafika wapi, hawana jibu. Ushindi wenyewe umegeuka mtaji wa kuendelea kucheza. Hapo ndipo mimi huanza kuamini kwamba udhibiti umepotea, zaidi ya ninavyoamini kwa kutazama jumla ya hasara.

Umeuliza, kwa namna fulani, kwa nini mkeka haukumwangusha lakini kindege kimemwangusha. Tofauti kubwa ni kasi. Mkeka wa mechi za Jumamosi unamfanya mtu angoje hadi usiku. Kindege kinapaa na kupotea ndani ya sekunde chache, na mzunguko mwingine unaanza kabla hajapata nafasi ya kuhisi maumivu ya ule uliopita. Zawadi isiyotabirika, inayokuja mara moja moja bila mpangilio, ndiyo inayojenga tabia iliyo ngumu kuvunjika. Jambo hili lilionyeshwa katika maabara za saikolojia tangu katikati ya karne iliyopita, kwa kazi za mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kutafuta na kutarajia zawadi, huitikia sana kutojua kama zawadi itakuja au haitakuja. Dubwi, yaani mashine za kamari zilizo kwenye maduka ya mtaani, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa kindege kinalala naye kitandani.

Jambo la pili ni kukosa kidogo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mchezaji anapokosa ushindi kwa nukta, sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wa kweli huamka pia, na hamu yake ya kuendelea huongezeka, ingawa hakupata kitu. Mkeka umejaa nafasi za namna hiyo. Chukua mkeka wa mechi kumi, na tuseme kijana ana uwezekano wa asilimia 60 wa kupatia kila mechi, jambo ambalo tayari ni kumpendelea. Uwezekano wa kupatia zote kumi ni kama 6 katika 1,000, wakati uwezekano wa kukosa mechi moja tu ni kama 40 katika 1,000. Yaani katika mfano huu mkeka unachanwa na timu moja karibu mara saba kwa kila mara moja unaposhinda. Anapokwambia, "Dada, nilikuwa nimebakiza timu moja tu," anaamini kwamba amekaribia, kumbe hesabu zenyewe zinataka akose namna hiyo mara kwa mara. Nimewahi kuifanya hesabu hii na wagonjwa kwa kalamu na karatasi, na kwa baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba kukosa kwa timu moja hakumaanishi kwamba wamezidi kuwa wajuzi wa mpira.

Kabla ya kuandika jina la ugonjwa kwenye faili, mtaalamu anapaswa kuondoa mambo mengine yanayofanana nao, na hapa ndipo hospitali inapokuwa na thamani ambayo sebule haina. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka anaweza, katika kipindi cha kupanda, kutumia fedha ovyo na kubeti kwa fujo, halali na wala hachoki, anazungumza haraka na kujiona hashindwi. Ikiwa kamari inaelezwa vizuri zaidi na kipindi hicho, kinachotibiwa ni ugonjwa huo. Zipo pia dawa zinazoweza kuamsha hamu ya kamari kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo, zikiwemo pramipeksoli na ropiniroli wanazopewa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), na aripiprazoli, ambayo mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliitolea tahadhari kuhusu misukumo ya namna hiyo. Kwa kijana wa miaka 27 mwenye afya si jambo la kutarajia, lakini mpe daktari orodha ya dawa zote anazotumia. Yanayotokea zaidi ni pombe, sonona na wasiwasi uliopitiliza. Mara nyingi huandamana na uraibu wa kamari, na mtu akitibiwa kimoja huku kingine kikiachwa, kilichoachwa humrudisha alikotoka.

Na lipo swali ambalo nakusihi umuulize wewe mwenyewe leo, kabla ya kliniki: je, amewahi kufikiria kujiua? Madeni, aibu na usiri vikikutana huzaa hatari ya kweli, na wenye uraibu wa kamari wana hatari hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Kumuuliza waziwazi hakumtii wazo kichwani. Kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akikubali kwamba amelifikiria, na hasa kama anajua angefanyaje, asiachwe peke yake, viondoeni vitu hatari vilivyo karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kwa binti yako nitakuwa na neno tofauti. Shirika la Afya Duniani limetambua uraibu wa aina mbili za tabia, yaani kamari na michezo ya kidijitali, basi. Mitandao ya kijamii haimo katika orodha hiyo, na kununua vitu ovyo hakujapewa nafasi hiyo pia. Tabia ya ngono isiyodhibitika imo katika uainishaji, ila katika kundi la kushindwa kuzuia misukumo, tena kwa sharti kwamba mtu asipewe jina hilo kwa sababu tu anajisikia vibaya kwa misingi ya maadili. Tahadhari hizi ni za haki, maana tukimwita kila anayependa kitu mraibu, tutawapachika watoto wazima jina la ugonjwa na tutalifanya neno hilo lisiwe na maana kwa anayelihitaji. Binti anayekaa TikTok saa nne kwa siku, lakini anafanya kazi zake za shule, analala, ana marafiki, na ukimnyang'anya simu ananuna jioni moja kisha maisha yanaendelea, anahitaji utaratibu wa nyumbani. Simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, yako ikiwemo. Ukiona ameacha vitu alivyovipenda, alama zimeshuka, halali, na mwenyewe amejaribu kupunguza akashindwa, mpeleke akaonwe, na usishangae kama chini ya simu ikapatikana huzuni au kuonewa shuleni.

Sasa deni. Maoni yangu ni kwamba usimpe fedha mkononi, na usilipe chochote kabla ya kuona madeni yote. Kutegemea ndugu wamtoe kwenye shimo lililochimbwa na kamari ni mojawapo ya vile vigezo tisa, na deni la mwisho huwa la mwisho mpaka lifuatalo. Akae na wewe aandike kila anayemdai, kiasi na tarehe, pamoja na ile mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, ambayo huenda ameificha kwa aibu. Fedha za kikoba ziwe za kwanza, kwa sababu wenzako hawana hatia, na mpange jinsi atakavyozikata katika mshahara wake hadi ziishe. Familia ikiamua kusaidia zaidi, mlipe mdai moja kwa moja, na mfanye hivyo baada ya kijana kuanza tiba. Kwa muda, mshahara wake upite kwa mtu mnayemwamini nyote wawili, kwa makubaliano yake na si kwa kumnyang'anya. Kampuni nyingi za kubeti zina utaratibu wa mteja kuomba akaunti yake ifungwe. Aombe hivyo kwa kila kampuni aliyojisajili, wewe ukiwa pembeni, na afute programu za mikopo.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, inayomsaidia mtu kutambua fikra na mazingira yanayomsukuma kucheza na kujifunza kuyakabili, ikitanguliwa na mazungumzo ya kumwamshia nia yake mwenyewe ya kubadilika. Dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa uraibu wa kamari hakuna, ingawa naltreksoni imechunguzwa na baadhi ya madaktari huitumia kwa wagonjwa fulani, na sonona ikiwepo hutibiwa kwa dawa zake. Akiteleza baada ya miezi miwili, msiseme tiba imeshindwa. Kuteleza ni jambo la kutarajiwa katika uraibu wowote, na huwa kunatuonyesha ni saa ipi na hisia ipi ambayo hatukuiwekea ulinzi. Kuhusu maombi na dua, endeleeni nayo kama ni imani yenu, ila msimpeleke kwa mtu atakayewatoza fedha za kuondoa alichochezewa wakati kliniki inasubiri. Na kumfukuza, kama anavyotaka kaka yenu, kutamwacha peke yake na simu yake na madeni yake.

Nenda naye hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro na muulizie kitengo cha afya ya akili; ikibidi, watawapa rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mkubaliane mapema kama ataingia peke yake au pamoja nawe. Ninashauri aanze peke yake, wewe uitwe baadaye. Akikataa kwenda, mwombe ajibu maswali mawili tu, yaliyochapishwa mwaka 1997 kama uchunguzi wa awali: je, umewahi kuhisi unalazimika kubeti kwa fedha nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Jibu la ndiyo kwa hata moja halimaanishi kwamba ni mgonjwa, lakini linatosha kumfanya aonwe na mtaalamu. Msiulizane maswali hayo usiku akiwa ametoka kupoteza, wala mbele ya kaka yenu. Siku ya kliniki abebe taarifa ya miamala yake, ile karatasi ya madeni, na majina ya dawa anazotumia.